Nyuso za Kidevu Juu

Mtaa mzima unamwita Kidevu Juu, maana hayo ndiyo maneno anayomwambia kila anayekaa kwenye stuli yake, mbele ya kitambaa cheupe. Kwa miaka kumi na mitatu amekuwa akipiga picha za vitambulisho katika chumba kimoja chenye mlango wa kioo. Mkono wake mwepesi, lakini kompyuta yake ilikuwa jalala. Kila faili aliiacha pale pale kwenye skrini, juu ya nyingine: "mpya", "mpya2", "mpya kabisa".

Jumatatu asubuhi aliingia fundi wa kuchomea mageti. Mkewe alifariki miaka mitano iliyopita, na simu iliyokuwa na picha zake iliibwa mwezi uleule.

"Mtoto ananiuliza mama alikuwa na sura gani," alisema, akiikunja kofia yake. "Nimwambie nini, kaka? Ulimpiga picha hapa, mwaka mmoja kabla hajafa."

Kidevu Juu akafungua faili moja, kumi, hamsini. Hakumwona. Akamwita mdogo wa mkewe, anayetengeneza kompyuta barabara ya pili.

"Shemeji, hii kompyuta au kapu la nguo chafu?"

"Cheka, shemeji, lakini nisaidie."

Shemeji akaweka programu ndogo, akaielekeza: faili za picha mahali pake, za barua mahali pake, mwaka kwa mwaka, mwezi kwa mwezi. Akabofya mara moja.

Faili zikaanza kuondoka zenyewe, bila kelele, kama watu watokao ukumbini bila kusukumana. Nyuma ya faili hizo ikatokea rangi ya buluu ya skrini ambayo Kidevu Juu alikuwa amesahau kwamba iko.

Wakafungua picha za mwaka ule. Mwanamke hayumo. Fundi akavaa kofia, akaelekea mlangoni.

"Ngoja!" Kidevu Juu alijipiga paji la uso. Siku zile alikuwa akibandika uso mmoja mara nane kwenye ukurasa wa barua ili auchapishe, kisha anafuta picha yenyewe apate nafasi. "Fungua barua, shemeji. Barua!"

Kurasa zikajipanga. Kila ukurasa mtu mmoja, mara nane, videvu juu: muuza mkaa, mwalimu, marehemu na walio hai, mtaa mzima umekaa kimya ukimtazama. Alidhani amewatupa wote.

Kwenye ukurasa wa tisa, mwanamke ameinamisha kidevu, anazuia kicheko.

"Huyu alinikatalia," alinong'ona Kidevu Juu. "Alisema shingo ni yake."

"Ndiye," alisema fundi. "Ndiye huyo huyo."

Printa ikanguruma. Kidevu Juu akashika mkasi.

"Usikate," fundi akamzuia.

Fundi akaupokea ukurasa kwa viganja viwili, kama sinia lililojaa maji, akatoka taratibu. Shemeji akamfungulia mlango.