Fanuel Hafungi Mdomo Tena

Saa tatu asubuhi, Homa Bay, Agosti 1997. Mwanamume wa koti la kahawia anasimama kwenye geti la ghala la sukari, sanduku mkononi. Anasema ametumwa kukagua mizani. Fanuel Odero, mlinzi, anamtazama mdomoni. Jino la mbele limevunjika.

Fanuel anakumbuka. Jana tu Mniko, mlinzi wa ghala la tumbaku kule Migori, alimpigia simu. "Alikuwa kwetu huyo, koti kahawia, jino limevunjika. Alishika funguo zetu kidogo, nikamshuku. Akikuja kwako, chunga."

"Karibu, mkaguzi," Fanuel anasema. Anamwingiza, anafunga geti, anatia ufunguo mfukoni. Kisha anamkonyeza Ogeto, mlinzi wa duka la mbolea ng'ambo ya barabara, naye anatoka mbio kwenda polisi.

"Wewe soja, mbona umefunga?" mgeni anafoka.

Fanuel anaegemea geti. Akiwa amekosea, kazi imekwenda, na mshahara wa shilingi elfu mbili mia tano ndio unaolisha watoto watano.

Mwaka jana alikuja mkaguzi mwingine wa uongo. Siku tatu baadaye ghala likavunjwa. Tajiri wake, Abdullahi, alimwambia afunge mdomo, wateja wasije wakahama. Akafunga. Lo! Wiki iliyofuata ikawa zamu ya duka la mbolea. Ogeto alikatwa panga, vidole vinne vya mkono wa kulia vikaenda.

"Nilikuwa najua," Fanuel husema kila akisimulia hayo, macho chini. "Nilikunywa chai na Ogeto kila asubuhi, na nilikuwa najua."

Ndipo alipowaendea walinzi wa maghala sita, Homa Bay na Migori, wakakubaliana: ukiibiwa au ukimshuku mtu, wengine wajue kabla ya adhuhuri. Matajiri walinung'unika, Abdullahi kuwashinda wote.

Polisi wanafungua sanduku. Ndani mna vipande viwili vya sabuni. Kimoja kina alama ya ufunguo, ya kuchongea wa bandia, kingine bado hakina kitu. Abdullahi, aliyefika pamoja nao, anakaa juu ya gunia.

Fanuel yuko kwenye simu tayari. "Mniko! Badilisheni makufuli leo leo!"

Sasa anataka matajiri wenyewe wakutane kila Jumatatu, waambiane bila kuoneana haya. Abdullahi amekubali kutoa chai.

Ogeto naye hupita getini kila asubuhi, kikombe mkono wa kushoto. Hasalimii kwanza. "Kuna jambo?" huuliza.

Na Fanuel humwambia yote, hata mbwa waliobweka.