Mkono Uliokatwa kwa Jina Langu

Mwaka jana, mwezi wa nane, mashine ya kusaga plastiki ilinikata mkono wa kulia.

Mikono yangu yote miwili ipo. Ndiyo ninayoandikia hapa.

Msinicheke kwanza, ngoja niwaeleze.

Naitwa Abdul-Karim, nauza matairi ya pikipiki Nateete. Mdogo wangu Yasiin aliacha shule akiwa kidato cha pili. Kiwanda kimoja, jina sitalitaja, kilikuwa kinataka waliomaliza kidato cha nne, basi nikamwazimisha cheti changu na fotokopi ya kitambulisho. Tunafanana, na ile fotokopi ilikuwa nyeusi kiasi kwamba hata mimi nisingejitambua.

Miaka mitatu akafanya kazi akiitwa mimi.

Siku mashine ilipomkamata, hospitali walimwandikisha kwa jina hilohilo. Nesi anaita "Abdul-Karim!", naitika mimi, anaitika na yeye kitandani. Nilicheka. Halafu nikaona bandeji inaishia kwenye kiwiko na chini yake hakuna kitu, nikatoka nje nikalia kama mtoto.

Wiki ya tatu simu yangu ikaita, maana namba iliyokuwa kwenye faili ni yangu. Alikuwa Ogwal, meneja wa wafanyakazi pale kiwandani.

"Kampuni nataka kusaidia. Milioni tatu. Wewe nasaini, maneno naisha."

Kwanza tukaenda wote wawili ofisi ya kazi kuuliza. Afisa aliyetupokea anaitwa Nelima, mama mkavu asiyetabasamu. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Milioni tatu kwa mkono wa kulia? Hiyo ni kidogo sana," alisema. "Musisaini kitu. Mukuje hapa, museme ukweli. Aliyeumia ni huyu, na wenzake walimuona. Maneno ya cheti mutajibu, siwezi kuwadanganya. Lakini mkono ni wake."

Tulipotoka nje, Yasiin akasema, "Kaka, tuseme tu. Nimechoka kuitwa wewe."

"Na mimi nikifungwa?"

Akatangulia kuelekea barabarani.

Nikamwambia aniachie, natafuta namna ya kumlinda. Uongo mtupu. Nilikuwa naogopa jela. Siku nne nzima kila askari akipita mbele ya duka nilijificha nyuma ya matairi, na wateja wakawa wananiuliza kama naumwa.

Siku ya tano nikaenda kiwandani peke yangu, bila kumwambia Yasiin, nisaini yaishe.

Ogwal alinipokea vizuri mno. Hakuniuliza lolote kuhusu mkono. Alinipa soda baridi, akanisukumia karatasi. Nilisoma mstari mmoja tu: nimekubali malipo haya, sina dai lingine.

"Pesa yenyewe iko wapi, mzee?"

"Cheki natoka Ijumaa. Saini, ssebo, bwana mkubwa."

Nikasaini. Msichana wa ofisi akanipiga picha nikiwa nimeshika kalamu.

"Ya faili," Ogwal akasema.

Eti nikatabasamu! Mjinga mimi.

Ijumaa, hakuna cheki. Ijumaa iliyofuata, hakuna. Ya tatu nikaenda na hasira zangu, nikagonga meza yake.

Ogwal akafungua faili taratibu, akanigeuzia ile picha.

"Huyu nani?"

"Mimi."

"Kale, sawa. Huyu Abdul-Karim, mfanyakazi wetu. Mikono iko mbili, nashika kalamu na ya kulia, nacheka vizuri. Sasa nalipa mkono gani?"

Banange! Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Jamaa alijua tangu mwanzo. Alichokosa ni ushahidi, na mimi nikampelekea kwa miguu yangu, nikanywa na soda yake.

"Enda ofisi ya kazi kama wewe nataka," akaongeza. "Ama twende polisi pamoja."

Nilirudi nyumbani nikamweleza Yasiin kila kitu. Alikuwa anajifunza kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Hakupiga kelele. Ningeshukuru kama angenipiga.

"Jina lilikuwa lako, Kaka, sikatai," alisema. "Mkono ulikuwa wangu."

Akakusanya nguo zake, akahamia Kasubi kwa rafiki yake. Aliubeba mfuko mwenyewe, akakataa nimsaidie hata hadi mlangoni.

Kesho yake nikaenda kwa Nelima. Nikakiri yote, cheti, kitambulisho, saini, picha. Aliandika bila kuinua macho. Alipomaliza akaniuliza nilisaini tarehe ngapi.

Nikamtajia.

Akaweka kalamu chini.

"Siku hiyo mdogo wako alikuwa hapa," alisema. "Alileta wenzake watatu wa kwenye mashine. Walikuwa tayari kusema. Jana wawili wamenipigia simu. Meneja amewaonyesha picha yako, sasa wanaogopa kazi zao."

Akanisogezea maelezo yangu, nikasaini.

Kesi bado ipo, na shahidi amebaki mmoja. Mimi nimeitwa polisi mara mbili na sijui itaishaje. Nastahili. Yasiin hapokei simu zangu.

Wewe unayesoma, nikuachie hili moja. Mtu wako akiumia kazini, wakaja na karatasi na soda, kumbuka kwamba wa kuamua ni yule aliyeumia. Kama unaogopa, mwambie unaogopa, usimwambie unamlinda. Mimi nilimuuza mdogo wangu, na hata hiyo bei sikulipwa.