Sikio la Mtamba

Siku ninayoikumbuka kila unapofungua kompyuta yako, mwanangu, ni ile ambayo kamba mpya ya katani iliwekwa kwenye nyasi mbele ya kaka yangu Marwa, na hakuna aliyesema ni ya kazi gani. Hakukuwa na haja ya kusema.

Jana umeniambia kwamba ukishahamisha kanda zangu zote na kuzibana ziingie kwenye simu, sanduku zima utalitupa kwa kuwa linajaza nyumba. Niliinuka nikaenda jikoni, ukadhani nimekubali. Sikukubali. Kaa hapa basi nikueleze.

Nilikuwa binti wa umri wako, nafanya kazi kwenye studio moja ndogo ya video pale Mugumu. Kamera za wakati ule zilitumia kanda. Ukitaka picha ziingie kwenye kompyuta unaunganisha waya, unacheza kanda tangu mwanzo hadi mwisho, na wewe unakaa unasubiri. Halafu faili linakuwa kubwa kuliko nafasi iliyobaki, kwa hiyo unalibana. Nilikuwa hodari wa kubana, nakwambia. Siku ng'ombe wa mahari yangu walipoletwa nyumbani kwetu Ringwani, mwenzangu wa studio alipiga picha, nami nikabana sherehe yote, ngoma na hotuba na mapishi, ikaenea kwenye CD moja. Nikajisifu sana. Kanda yenyewe nilitaka kuirudisha kazini, turekodi juu yake harusi nyingine huko Natta. Mama akakataa katakata. Baba alikuwa ameanza kuugua, na mama alisema sura yake imo humo, haiendi kufutwa kwa ajili ya harusi za watu. Akaiviringisha kwenye kitenge, akaitia kwenye sanduku lake la nguo. Mimi nikanuna, nikaona mama anahangaika bure wakati CD ipo.

Baba alifariki mwaka huohuo. Mwaka uliofuata akaja mtu wa ukoo wa ng'ambo ya mto na vijana wake, akasema mtamba mwekundu aliye zizini kwetu ni wake, ameibiwa mwezi uliopita. Marwa ndiye aliyekuwa akichunga, kwa hiyo Marwa ndiye mwizi. Unajua wizi wa ng'ombe unavyopokewa kwetu, mwizi hanusuriki. Ikaitishwa iritongo, yaani baraza la ukoo la kushughulikia mambo kama hayo. Nilipofika nilimkuta kaka yangu amekaa chini peke yake, kamba mbele yake, na vijana waliomzunguka hawamtazami usoni. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu wengine walikuwa wamesoma naye, na siku zote walikuwa wanataniana.

Marwa alieleza kwamba mtamba alikuja na mahari yangu. Lakini baba aliyempokea alikuwa kaburini, na wakwe zangu wangesema lolote wangeambiwa wanamtetea shemeji yao. Nikainua mkono mbele ya wazee wale, nikasema ninayo picha ya siku ile, kwenye CD.

Ikaletwa televisheni ya dukani na jenereta ya kanisa, kioo kikakingwa jua kwa blanketi. Ng'ombe wakaanza kupita. Mwanangu, walikuwa madoa tu. Madoa mekundu yanasogea, miguu imeshikana na vumbi, na kila mmoja akigeuka picha inakatikakatika vipande vya mraba. Mtamba wetu alikuwa na baka jeupe begani, na sikio la kushoto limechanika. Pale kwenye kioo hakukuwa na baka wala sikio. Yule mlalamikaji alicheka kidogo, puani.

Mzee Chacha, aliyeongoza baraza, alisogea karibu na kioo akatazama kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Binti, umetuletea kivuli cha ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe umempeleka wapi?"

"Mzee wangu, nilipunguza ili itoshe."

"Sasa sisi ng'ombe tunamjua kwa sikio. Wewe umetuwekea ngoma yote, sikio ukalitupa."

Akatoa muda hadi kesho yake jioni. Sikuthubutu kuuliza jioni ingekuwaje.

Mama alinikabidhi kanda, bado iko ndani ya kitenge. Alfajiri nikaenda nayo Mugumu. Nikaiweka kwenye kamera, nikaunganisha waya, nikabonyeza. Kamera ikalia kwa sauti ya kukwaruza, mistari ikatambaa kwenye picha, halafu kioo kikawa cha bluu. Nikakaa sakafuni. Nikawaza kwamba kanda imeliwa, na kaka yangu ameliwa nayo. Mwenzangu akasafisha kichwa cha kamera kwa pamba na spiriti, taratibu, nami natamani kumwambia afanye haraka na hapohapo namwomba Mungu asifanye haraka. Tukaanza tena. Kanda ile hatukuthubutu kuiharakisha, mwanangu, isije ikakatika. Ngoma zote nilizozihifadhi kwa mbwembwe ilibidi nizitazame, huku jua la nje linapanda.

Na akatokea. Mtamba, baka lake begani, akageuza kichwa na sikio lililochanika likacheza kufukuza nzi. Sikubana kitu. Kipande kile nilikihamisha kikiwa na uzito wake wote, nikakiacha kwenye kompyuta, kisha nikachukua kamera na kanda nikarudi Ringwani kwa pikipiki.

Safari hii kamera yenyewe iliunganishwa na televisheni, na mtamba akaletwa akasimamishwa pembeni. Wazee wakatazama huku, wakatazama kule. Baka lilikuwa lilelile na sikio lilelile. Na aliyemshika mtamba pale kwenye picha alikuwa baba, ambaye wote walimzika kabla yule bwana hajaibiwa ng'ombe wake.

"Huenda nimemfananisha," alisema mlalamikaji.

Mzee Chacha akaokota ile kamba, akampa Marwa. "Mura, kijana wangu, mfunge ng'ombe wako, umpeleke nyumbani."

Marwa akajaribu kufunga, vidole vikakataa. Nilimfungia mimi.

Huyo ndiye mjomba wako unayemwamkia shikamoo na kumcheka kwamba anaogopa kamba za kuanikia nguo.

Basi hamisha, mwanangu, maana kanda nazo zinazeeka, na nyingine huenda hazitacheza tena. Bana nakala za kuwatumia ndugu. Lakini ile ya kwanza, kubwa na nzito, iache kama ilivyo, uiweke mahali pawili, na sanduku langu ulirudishe ulipolitoa. Ukibana unachagua cha kubaki, na hujui kesho utaulizwa nini. Mimi nilidhani watu wangetaka kumwona bibi harusi.

Mungu akulinde na akuzidishie ndugu. Akujalie usiitwe kamwe mbele za watu kuthibitisha kwamba ndugu yako si mwizi, na ukiitwa, ng'ombe wako aonekane hadi sikio.