Sambusa ni Ndiyo, Mahamri ni Hapana

Mwalimu anayetufundisha marekebisho ya katiba kabla ya kura ya maoni huja ukumbi wa Kaloleni baada ya Alasiri, buibui lake limejaa chaki mpaka mabegani. Sauti yake ni ndogo, lakini mikono haitulii: akieleza faida hunyanyua wa kulia, akieleza hasara hunyanyua wa kushoto, na yote miwili huipa muda sawa. Kura yake mwenyewe hasemi. Mimi miaka yote bwanangu ndiye huniambia nitie alama wapi, na safari hii kasema hajaelewa, nikaulize huko. Basi jana tukamtega. Fartun, mmoja wetu darasani, akamwekea sahani mbili.

“Mwalimu, sambusa ni Ndiyo, mahamri ni Hapana. Karibu.”

Sote tukamkodolea macho mwalimu. Akauma sambusa, tukafinyana. Akauma hamri, tukafinyana tena. Akaenda hivyo hivyo, huku na huku, mpaka sahani zote zikawa nyeupe na sisi tunafuta machozi ya kicheko kwa mitandio.

“Mama zangu,” akasema akijipangusa mafuta, “mimi nimeshiba. Nyinyi je?”

Leo asubuhi bwanangu akaniuliza yeye atie alama wapi. Nikamwekea sahani mbili.