Nilipulizia dawa "magugu" ya mama mkwe Kinole, nikaishia kulinda bonde siku tatu

Wakuu, kwema humu?

Anayetafuta chai za kutunga aende jukwaa la jirani, hapa leo kuna mchunga tu, ile mboga pori, na ni mchungu kweli. Haya yamenikuta mwenyewe. Halafu mke wangu yumo humu kwa ID ambayo hataki kunitajia, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Kwanza mnijue. Mimi ni bwana shamba. Digrii ninayo, fulana ya mradi ninayo, kofia ya mradi ninayo, na buti za mvua ninazo pea mbili. Ofisi yetu iko Morogoro mjini na inahusika na "uhakika wa chakula". Yaani kazi yetu ni kupanda milimani kuwafundisha kula watu ambao wamekuwa wakila siku zote.

Kabila langu Mnyaturu, Singida. Nimekuzwa kwa mlenda, wakuu, mlenda mchana na mlenda jioni. Ila ukishapata digrii unaanza kutamka "mboga za majani" kwa pua, na kichwani mwako unamaanisha kabichi na spinachi.

Mke wangu Zuhura ni Mluguru wa Kinole. Kule ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanaume uliyeoa unalima kwa adabu zako, huna sauti. Hili nilikuwa nalijua vizuri, nimelifundisha hadi kwenye semina, nikiwa na slaidi yake kabisa!

Sasa twende kwenye kisa.

Mwaka jana vuli ilichelewa. Mahindi yalikauka, ndizi zikawa bado changa, watu wakawa wanasukuma siku. Katikati ya hali hiyo mama mkwe akapata msiba wa ndugu yake Matombo, akaondoka. Zuhura akaniambia Jumamosi nipande Kinole nikawape kuku maji.

"Kuku tu," akasisitiza. "Ukimaliza ukae kivulini."

Mwanamke ananijua huyu.

Nikapanda na pikipiki. Kuku wakapata maji, dakika tano nimemaliza. Sasa mtaalamu mzima nikae kivulini? Nikashuka bondeni, chini ya migomba ya mama, pale panapopita kijito. Wee! Nilichokiona kiliniudhi. Majani ya kila aina yamejiotea bila mstari. Mnavu huku, mchunga kule, mlenda pori umetambaa hadi kwenye mashina ya migomba. Kwenye ripoti zangu za ofisini vitu hivyo vyote vina jina moja: magugu.

Nikajisemea, maskini mama wa watu, amezeeka, nguvu za kupalilia hana. Ngoja nimfanyie surprise.

Kwenye pikipiki nilikuwa na bomba la mgongoni na dawa ya kuua magugu, mali ya mradi, ya maonyesho. Nikavaa. Nikapulizia bonde lote, kingo kwa kingo, huku napiga mluzi. Mtaalamu gani anapulizia sumu karibu na kijito? Msiniulize, nimeshatukanwa na wenye haki ya kunitukana.

Nikapiga picha nimeshika kiuno, bomba mgongoni. Nikaweka status: "Kilimo ni sayansi."

Haikupita nusu saa simu ikaita. Zuhura. Hakuna hata salamu.

"Baba Rama, hapo ulipopiga picha ni wapi?"

"Bondeni kwa mama. Nimemsafishia magugu."

 

"Umepulizia mboga," akasema. "Ile ndiyo mboga yetu. Mama anapalilia kwa kuchagua, yale anayaacha kwa makusudi. Kiangazi kama hiki kila kitu kimekauka, wanawake wote wa upande ule wanachuma hapo. Wewe, kuna aliyepita kuchuma baada yako?"

Wakuu, jasho lilinitoka. Ile dawa mnaijua. Majani hayanyauki leo. Yanakaa kijani, yanapendeza, yanakungoja siku kadhaa ndiyo yaanze kugeuka njano. Na kweli, wakati nakunja bomba nilimwona bibi mmoja akiinama kule chini. Tulisalimiana, nikampa shikamoo nzuri tu, akaitika marahaba mkwe, akaendelea na yake.

Nilikimbia. Kile kilima mnachokisikia, nilikipanda na buti za mvua. Nauliza kila nyumba, "Bibi aliyetoka bondeni na mboga anakaa wapi?" Wakanielekeza kwa Bi Mwajuma.

Nikamkuta jikoni nje. Ugali umeshapakuliwa, wajukuu wanne wameshanawa mikono wamekaa mkekani. Sufuria la mchunga linachemka.

"Bibi, usiwape! Nimeweka sumu!"

Akanitazama juu hadi chini.

"Mchunga namwaga maji ya kwanza, mkwe. Uchungu wote unatoka."

"Huu hautoki kwa kumwaga bibi. Ni dawa. Nimepulizia mimi."

"Umepulizia mboga?"

"Nilidhani magugu."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliipua sufuria, akaenda nyuma ya nyumba, akachimba shimo akafukia yote, akaosha sufuria mara tatu. Kisha akachukua chumvi akamwaga kidogo pembeni ya ugali wa watoto. Wakala ugali na chumvi wakiniangalia. Mdogo wao, aliyesikia neno "dawa" tu, akamuuliza bibi, "Huyu ndiye mgonjwa?" Bibi akasema, "Ndiye."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Sikushuka mjini. Nilipiga simu ofisini nikasema naumwa, na haukuwa uongo sana. Kuanzia Jumapili alfajiri nikakaa bondeni kulinda. Nilichukua boksi nikaandika SUMU, USICHUME, nikalitundika kwenye mgomba. Bi Mwajuma akapita, akalitazama.

"Sisi tunaokuja bado giza, boksi lako tunalisoma na nini?"

Basi ikawa ni mimi mwenyewe. Kila mama anayeshuka na ungo nasimama: "Shikamoo mama, naomba usichume, nimepulizia sumu, nisamehe." Kila mmoja, jibu lake. Mmoja alinihurumia. Mwingine aliniuliza kama huko chuoni walinifundisha nikiwa macho. Kuna aliyeweka ungo chini akakaa pembeni yangu, akaniuliza, "Sasa leo nipike nini?" Huyo ndiye aliyenimaliza. Nina digrii ya swali hilo hilo.

Siku tatu. Nilidhani ni kichaka, kumbe lilikuwa genge la mboga la mtaa mzima, na lilikuwa halijawahi kufungwa mpaka nilipofika mimi.

Jumanne mchana mama mkwe akarudi kutoka msibani. Habari ilikuwa imeshampata njiani. Alishuka moja kwa moja bondeni, wakati huo majani yameanza kuwa njano. Alizunguka taratibu, akawa anagusa moja moja. Nami nyuma, kofia mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanigeukia. "Baba Rama, hapa umeoa. Hukununua."

Basi. Akapanda kwenda nyumbani kwake.

Sasa sikilizeni kejeli yenyewe. Mwaka huu ofisi yetu ikaandaa semina hotelini mjini, mada "Vyakula vya Asili Vilivyosahaulika". Slaidi ya kwanza, picha ya mchunga! Bosi wangu akauita hazina. Chakula cha mchana, chipsi kuku. Halafu wakataka mwanamke wa kijijini atoe ushuhuda, na bosi, bila kujua chochote, akawa amemwalika mama mkwe wangu.

Akasimama na khanga zake safi, akashika maiki.

"Mnasema vimesahaulika. Mimi sijasahau, na jirani zangu hawajasahau. Waliosahau mko humu." Kisha akaninyooshea kidole. "Yule pale ni mkwe wangu, ni mtaalamu wenu. Akija kwenu kuwasaidia, ficheni mboga."

Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko. Mpaka leo ofisini hakuna anayeniita jina langu. Naitwa Ficha Mboga, hata na mlinzi wa getini.

Funzo nililopata mimi: kabla hujapulizia, uliza anayepalilia kwa nini jani hilo ameliacha. Swali la sekunde kumi lingewaokoa watu na kiangazi kizima cha ugali na chumvi.

Mvua zilirudi. Mama mkwe ananipokea vizuri tu, hana kinyongo, na nikienda Kinole napikiwa mchunga wa nazi hadi najiramba vidole. Ila bondeni kwenyewe hapajarudi vizuri. Juzi nikamuuliza kwa adabu zote, "Mama, hizi mnachuma wapi siku hizi?"

Akanisogezea bakuli.

"Kula, baba."

Haya, wataalamu wenzangu na wakwe wa watu, uwanja wenu. Wenye ya kwenu yawekeni, na wa kunitukana pangeni foleni, Bi Mwajuma ndiye wa kwanza.