Siku Nilipomvusha Ng'ombe Kwenda Kisiwa cha Dagaa

Mke wangu ameniomba nisiliandike jambo hili, lakini naliandika, kwa sababu hapa Tarime linasimuliwa na watu ambao hawakuwepo, na mimi niliyeaibika nilikuwepo.

Mwanangu Chacha alipata mchumba, Neema, kwao ni kisiwani ziwani, kisiwa kidogo, nyumba saba tu, mawe matupu na majani machache juu, unakizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Baba yake alinipigia simu mapema. "Mkwe, ng'ombe mwache huko ng'ambo kwa ndugu yangu, kisiwani hatufugi." Alisema wazi kabisa, siwezi kumsingizia. Lakini mimi Mkurya niliona ng'ombe wa mahari anakabidhiwa uani kwa wenyewe, siyo njiani kama mzigo, basi nikamfunga miguu mtamba wangu mwekundu, nikampakia kwenye mtumbwi wa injini.

Chacha akasema, "Tata, si tulikatazwa?"

Nikamwambia anyamaze, mimi baba yake najua ninachofanya.

Kumbe siku hiyo ndipo jua lilipotoka kwa mara ya kwanza baada ya mvua ya siku nne, na akina mama wote wa kisiwa walikuwa wameanika dagaa juu ya nyavu, kuanzia ufukweni hadi milangoni (mtu mwenyewe hakuwa na pa kukanyaga, sembuse ng'ombe). Tulipofika nikamfungua mtamba miguu ili aingie akitembea, kwa heshima. Watoto wakapiga yowe. Nilisema baadaye kwamba kamba ilinichomoka. Nikijiuliza vizuri, nadhani niliiachia. Mtamba akakimbia juu ya dagaa, nyavu zikamnasa, akaziburuta mpaka ziwani, na mimi nyuma yake na koti langu la harusi, nikateleza, nikaanguka kifudifudi kwenye dagaa.

Bibi mmoja akauliza, "Na huyu naye ni wa mahari?"

Baadhi walicheka. Wengine walikuwa wameinama wanaokota dagaa kwenye matope.

Vijana walimvuta mtamba kwa mtumbwi, akatoka mzima. Mama Neema hakunitukana. Alinipa kanga nijifute, akasema, "Baba Chacha, umekatazwa ukiwa mgeni, hukusikia. Binti yangu akija kuishi kwako, nani atamsikia?"

Swali lilikuwa la haki.

Mpaka leo wazazi wa Neema hawajaikataa ndoa, wala hawajaikubali. Chacha ananisalimia vizuri tu kila asubuhi, na hilo ndilo linaloniumiza. Nimeapa, wakiniita tena nitasimama palepale mtumbwi unapofungwa, mpaka mwenyeji aniambie nikanyage wapi.