Matete ya Mama Pembeni ya Ziwa

Apana, usiniambie ba-mama njo balimaliza samaki. Nilisikia ile maneno tena juzi mu bar moja ya mutaa ya Kamalondo, kijana mumoja na chupa yake ya bière anasema ba-mama ba ku ziwa balikuwa banavua mpaka mayayi. Eko mwongo. Mie nilikuwa pale, na harufu ya matope nyeusi ya chini ya matete iko bado mu pua yangu.

Tulikuwa tunaishi nyuma ya Golf, mutaa ya batajiri, fasi manyumba makubwa inaishia na ziwa kidogo inaanza. Mama yangu alikuwa anavua na kitunga, yeye na jirani yetu Mama Kapinga, mutu wa Kasai, kinywa yake haikosi maneno. Mwezi wa tisa, jua ikianza kuunguza, samaki dume anakuja pembeni, anachimba kishimo ya duara sawa sahani, jike anatia mayayi mule. Pale kitunga haingie. Mama alikuwa anasimika tete moja pembeni ya kila kishimo, juu sisi batoto tusikanyage, mpaka mvua ya kwanza inyeshe. Tulikuwa tunakula bukari, ugali yetu, na majani ya matembele, siku kwa siku, tumbo inalia, lakini hakuna mama alivuka ile matete.

Mwaka nilikuwa na miaka tisa, patron mumoja, tajiri wa mutaa, alijenga fasi ya kufurahia pembeni ya maji. Aling'oa matete ya ku ukingo wake yote, na matete njo ilikuwa inashika udongo. Mvua ikaanza kumukulia udongo. Basi alileta mashini ya kuvuta muchanga chini ya ziwa na kuitapika ku ukingo, apate plage nyeupe, ufuko ya bantu kulalia jua. Inanguruma tangu asubuhi, maji inakuwa sawa chai ya maziwa. Mama Kapinga anamuita chef wa kazi, mwenye kusimamia ile mashini: "Ee papa, mama yako anajua banakulipa juu ya kucheza na matope?" Bote banacheka, hata ye chef.

Siku moja chef aliuliza mama yangu: "Mama, pale munasimika matete, chini iko namna gani?"

Mama akajibu na heshima yake yote: "Pale iko nguvu, papa. Haizame. Samaki hachimbe fasi ya matope."

Alisema vile juu bajue kama kuna mayayi. Chef alisikia tu kama chini iko nguvu, muchanga itakaa. Kesho yake tulikuta tiyo kubwa, bomba ya mashini, imelala mpaka ku tete ya mwisho, na kote mule bamejaza muchanga. Mama aliingia mu maji mpaka kiuno, anafukua na mikono, anafukua, muchanga inarudi. Dume mumoja alikuwa anazunguka pale juu, anatafuta nyumba yake. Mama Kapinga akaingia naye, anafukua na kitunga. Nyuma ya siku tatu samaki zilielea. Ukipasua kichwa, fasi samaki anapumulia iko matope tupu. Na bantu ba kazi njo balianza kusema ba-mama balimaliza samaki.

"Mwenye nguvu umupishe," mama alituambia. Nilichukia ile methali, na ninaichukia mpaka leo.

Mie sikusoma mambo ya maji ku école, nilijifunza na macho na kuuliza. Shimo yenye mashini ilichimba inavuta ukingo. Kila mvua muchanga inateremuka mule, kila kiangazi mashini inarudi kuitoa, na kila mara maji inachafuka tena. Leo bantu banakuja kupiga foto pale. Mama anauzisha Thomson ku soko, samaki ya bahari yenye kuganda sawa jiwe mu karton. Mutu akimuuliza kama iko ya ziwa, anainamisha macho sawa mwizi, yeye mwenye alilala na njaa juu mayayi ipone. Na weye mwenye unajinyoosha ku ile plage siku ya yenga, siku ya kupumuzika, ulisha kujiuliza unalalia nini?